Mfalme ana kalamu ya kukataa sheria, ila hakatai. Nani kamshika mkono?

#1 Mwana wa Mikindani

Habari za jioni wanajukwaa.

Binti yangu wa kidato cha tano kanirudisha darasani. Juzi alikuwa anajisomea habari za nchi zenye ufalme wa kikatiba, akanitupia swali ambalo nimelala nalo siku mbili. Uingereza mswada hauwi sheria mpaka mfalme auridhie. Hakuna palipoandikwa kwamba ni lazima aridhie. Na bado tangu mwaka 1708 hakuna aliyekataa! Waziri Mkuu hivyo hivyo: kwenye karatasi mfalme anamteua amtakaye, lakini kila mara anamteua mwenye wabunge wengi nyuma yake, ampende asimpende.

Kuna kitu kimelisogeza swali hili hadi mlangoni kwangu. Marehemu bibi alikuwa na kopo la maziwa la kuwekea vifungo na sindano, na ndani yake imo sumni moja ya zamani yenye kichwa cha Malkia Elizabeth. Nimeitoa leo nimeiweka chini ya taa. Taji bado linaonekana, pua imelika. Miaka yote nilijua ni pesa ya mkoloni, basi. Kumbe hata baada ya bendera yetu kupanda tarehe 9 Desemba 1961, huyo mama aliendelea kuwa mkuu wa nchi yetu, Tanganyika, kwa mwaka mzima, hadi Jamhuri ya tarehe 9 Desemba 1962. Kwa hiyo hata sisi tumewahi kuwa ufalme wa kikatiba.

Dai langu ni hili: ufalme wa aina hii unaendeshwa na aibu. Sheria inampa mfalme panga, aibu inamzuia kulichomoa. Mwenye maelezo mengine aje.

#2 Korosho Daraja la Kwanza

Mkuu, aibu haijawahi kumzuia mwenye nguvu popote duniani. Ni woga. Charles wa Kwanza aligombana na Bunge lake, akakatwa kichwa mwaka 1649. James wa Pili naye akakaidi, mwaka 1688 akakimbilia Ufaransa. Waliofuata wakatia akili. Mfalme anapita kila siku mbele ya kaburi la mwenzake, halafu wewe unasema aibu?

#3 Mstaafu wa Chaki

Nimefundisha historia miaka thelathini, naomba niweke sawa mambo mawili.

La kwanza, huyo wa 1708 ni Malkia Anne, na mswada ulihusu jeshi la mgambo la Scotland. Alikataa kwa ushauri wa mawaziri wake mwenyewe, kwa sababu habari zilikuwa zimefika kwamba merikebu za Wafaransa zinaelekea Scotland, na serikali ikaogopa mgambo wale wangegeuka. Kwa hiyo hata ule mfano wa mwisho wa kukataa, mtawala alikuwa anafuata mawaziri. Ukimtaka mfalme aliyekataa miswada kwa utashi wake, rudi nyuma kwa William wa Tatu, miaka ya 1690.

La pili, Korosho umesahau mfuko. Mwaka 1689 waliandika kabisa kwamba mfalme hatozi kodi bila Bunge. Mwaka 1760 George wa Tatu akakabidhi mapato ya ardhi za ufalme kwa serikali, naye akawa anapewa posho ya mwaka. Anayekulisha huna ubavu wa kumkatalia. Sioni woga wala aibu hapo, naona sahani.

#4 Nahodha Shangani

Mwalimu, uzi wa unyago ulisema pesa, uzi wa samaki ukasema pesa, leo mfalme naye pesa. Shikamoo lakini, tunakuheshimu.

#5 Mama Salha wa Mtanda

Nawasalimu kutoka Lindi. Mimi siasa za Ulaya sizijui sana, ila hilo la mwenye haki ya kukataa asiyekataa nimekua nalo.

Kwenye ukoo wetu mtoto anahesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Posa ikija, kabla ya kitu chochote, kilemba kinapelekwa kwa mjomba mkubwa. Anakaa kitini, sisi mkekani. Anaulizwa kama anaridhia, na ana haki ya kusema hapana. Utoto wangu wote sikuwahi kusikia hapana. Anauliza mawili matatu, anakohoa, anapokea.

Mwaka 2011 mjomba wetu mkubwa akasema hapana. Binti wa dada yangu anataka, kijana anataka, wazazi wa pande zote wameshaelewana. Tatizo mjomba alikuwa na kinyongo na babu wa kijana kwa sababu ya minazi ya mpakani. Wazee wamekaa usiku tatu, hapana ikabaki hapana. Usiku wa nne dada yangu akainuka, akakifunga kilemba kile kile kwenye kanga, akakipeleka kwa mjomba mdogo. Akapokea. Ndoa ikafungwa Ijumaa.

Tangu siku hiyo mjomba mkubwa anaamkiwa wa kwanza na kiti cha mbele ni chake. Ila kwenye ndoa anaarifiwa, haombwi. Haki yake hakuna aliyeifuta, wala hakuna kikao kilichoamua. Aliitumia mara moja, ikaishia hapo.

#6 Shekhe Mstaarabu

Mama Salha, kwa heshima zote: katika Uislamu walii wa binti ni baba yake. Mjomba wa upande wa mama hana uwalii mbele ya baba. Kwa hiyo huyo mjomba hakuwa na haki yoyote tangu mwanzo.

#7 Mama Salha wa Mtanda

Shekhe, hapo hapo ndipo penye mada yenyewe! Sheria inasema baba. Nasi hatuna ubishi na sheria, aliyeozesha ni baba. Lakini nitajie ndoa moja mtaani kwetu ambayo baba alikwenda msikitini kabla mjomba hajapokea kilemba. Sheria ipo, na juu yake ipo njia ya kuifikia hiyo sheria.

#8 Binti Newala

Nimesoma post ya Mama Salha mara mbili. Hiki kisa kiliwahi kutokea Kanada, badala ya minazi ilikuwa Bunge.

Mwaka 1926 Waziri Mkuu Mackenzie King alimwomba Gavana Jenerali, yaani mwakilishi wa mfalme kule, Lord Byng, avunje Bunge uitishwe uchaguzi. Mila ni kwamba Gavana hufuata ushauri wa Waziri Mkuu. Byng akakataa, akamwita kiongozi wa upinzani, Arthur Meighen, aunde serikali. Serikali ya Meighen haikumaliza hata wiki ikaangushwa bungeni, ikabidi Bunge livunjwe tu. King akaingia kwenye kampeni akilia na wananchi kwamba mtu aliyetumwa na London kawanyima uamuzi wao, akashinda. Baada ya hapo magavana wa Kanada wamekuwa wagumu sana kumkatalia Waziri Mkuu. Mwaka 2008 Stephen Harper aliomba Bunge lifungwe kwa muda wakati wapinzani wameshajipanga kumwondoa. Gavana Jenerali Michaëlle Jean alimsikiliza kwa zaidi ya saa mbili, kisha akakubali.

Mjomba aliyesema hapana, na wajomba waliomfuata.

#9 Korosho Daraja la Kwanza

Binti Newala, na Australia? Kule Malkia alimfukuza Waziri Mkuu mwaka 1975 na wananchi wakamuunga mkono Malkia. Nadharia ya mjomba inakufa hapo.

#10 Binti Newala

Hakuwa Malkia. Alikuwa Gavana Jenerali, Sir John Kerr, tarehe 11 Novemba 1975. Seneti ilikuwa imezuia bajeti, Waziri Mkuu Gough Whitlam amekataa kujiuzulu, Kerr akamfukuza na kumweka Malcolm Fraser wa upinzani kwa sharti aitishe uchaguzi. Malkia hakutoa amri hiyo. Barua za Kerr na watu wa ikulu ya Malkia zilifunguliwa mwaka 2020, baada ya mwanahistoria Jenny Hocking kushinda kesi mahakama kuu ya kule, nazo zinaonyesha Kerr hakumtaarifu Malkia kabla ya kuchukua hatua.

Ni kweli Fraser alishinda vibaya sana uchaguzi wa Desemba. Lakini Kerr mwenyewe alizomewa kila alipokwenda, akaachia kiti mwaka 1977 na kwenda kuishi nje kwa miaka. Na mila nyingine ilivunjwa mwaka huo huo ambayo watu hawaisemi. Seneta akifa au akijiuzulu katikati ya muhula, jimbo lilikuwa linamchagua mtu wa chama kile kile. Haikuandikwa popote. Mwaka 1975 New South Wales na Queensland wakaweka watu ambao chama cha Whitlam hakikuwataka, na hiyo ndiyo iliyoipa upinzani nguvu ya kuibana bajeti. Mwaka 1977 Waaustralia wakapiga kura ya maoni wakaiandika mila hiyo kwenye katiba.

#11 Wakili wa Barazani

Hapo Binti Newala kagusa jambo linalonikera katika mjadala mzima. Watu mnazungumza kana kwamba mila hizi hazina wino. Tuanze na hiyo sumni ya mwenye uzi.

Katiba yetu ya Uhuru ya 1961 ilichukua mila kubwa za Uingereza ikaziandika. Gavana Jenerali, Sir Richard Turnbull, aliyekuwa Gavana kabla ya Uhuru, alimwakilisha Malkia. Iliandikwa kwamba Waziri Mkuu ni mbunge anayeelekea kuungwa mkono na wabunge wengi, na kwamba Gavana hufuata ushauri wa mawaziri. Kwa hiyo Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962 na kiti kikaenda kwa Rashidi Kawawa, Turnbull hakuwa na cha kupima. TANU ilikuwa imechukua viti 70 kati ya 71 kwenye uchaguzi wa 1960. Hakuna aibu, hakuna woga, ni maandishi na hesabu.

Na kuna upande wake mchungu. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila mashtaka ilipitishwa mwaka 1962, Jamhuri haijazaliwa. Sheria iliyopita wakati ule iliridhiwa kwa jina la Malkia. Mila ya kutokataa haichagui sheria nzuri na mbaya. Tunaisifu kwa sababu inamzuia mfalme mbaya, ila inamfunga mikono hata mfalme mwema.

#12 Mndanda

Wakili, hapo umenigusa. Nimelelewa kando ya misheni na suala la dhamiri siliachi lipite.

Mwaka 1990 Bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria ya kulegeza utoaji mimba. Mfalme Baudouin alikuwa Mkatoliki wa kweli, na yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto. Akamwandikia Waziri Mkuu kwamba dhamiri yake haimruhusu kuweka saini, na hapo hapo akaomba ipatikane njia ili Bunge lisikwame kwa ajili yake. Wakatumia kifungu cha mfalme asiyeweza kutawala, kile cha ugonjwa. Mawaziri wakaisaini wao, Bunge likakutana likamrudishia kiti. Karibu siku moja na nusu Ubelgiji haikuwa na mfalme.

Wengine wanasema ulikuwa mchezo wa maneno. Mimi namwona mtu aliyebeba vitu viwili vizito, akakataa kukiangusha hata kimoja. Nisomapo habari hiyo nasimama kwanza.

#13 Korosho Daraja la Kwanza

Na jirani yake? Luxembourg, mwaka 2008, Mtawala Henri akasema hatoridhia sheria ya kumsaidia mgonjwa afe. Bunge likabadilisha katiba, likamwondolea kabisa kazi ya kuridhia. Tangu hapo Mtawala wa kule anatangaza tu. Mama Salha, huyo ndiye mjomba wako.

#14 Mama Salha wa Mtanda

Ndiye hasa. Ila wetu hatukumwandikia.

#15 Nahodha Shangani

Mmekwenda Ulaya kote mkairuka Unguja, hapo panapofikika kwa chombo.

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, Sultani Jamshid bin Abdullah akiwa mkuu wa nchi wa kikatiba na Mohamed Shamte Waziri Mkuu. Sura ya mambo ilikuwa ile ile ya London: Sultani hatawali, anaridhia. Tarehe 12 Januari 1964 kukawa na Mapinduzi. Mwezi mmoja na siku mbili! Jamshid aliishi Portsmouth miaka na miaka, akahamia Oman mwaka 2020, akafariki Desemba 2024.

Sasa niambieni, alivunja mila gani? Hakupata hata muda wa kuivunja. Tatizo lilianzia chini. Uchaguzi wa Julai 1963 ASP, chama cha Afro-Shirazi cha upinzani, walipata zaidi ya nusu ya kura zote, viti wakaambulia 13 kati ya 31. Mwambie mtu wa namna hiyo kwamba kuna mila ya kumkabidhi serikali mwenye viti vingi, atakwambia mila hiyo ni yenu.

Baharini nimelijua hili. Chombo kikifika, samaki hugawanywa: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya wavuvi. Hakuna karatasi. Kila mvuvi anatulia kwa sababu anajua akijaliwa chombo chake kesho, mgao utakuwa huo huo. Siku wavuvi wakiona kwamba fungu la chombo haliji kamwe upande wao, mgao utavunjikia pale pale mchangani. Kwa hiyo Mwana wa Mikindani, mimi nasema kinachoshikilia mila ni matumaini ya aliyeshindwa.

#16 Mstaafu wa Chaki

Nahodha, hii ni nondo. Pesa naiweka pembeni kwa leo.

#17 Mtani wa Nachingwea

Tuje nyumbani basi. Chama tawala kina desturi kwamba rais aliyepo anaachiwa amalize mihula miwili bila mshindani ndani ya chama. Marehemu Bernard Membe wa Mtama, aliyewahi kuwa waziri, alitajwa kutaka kushindana na rais aliyepo. Februari 2020 akafukuzwa uanachama, Oktoba mwaka huo akagombea urais kupitia ACT-Wazalendo. Hiyo desturi ni mila ya kikatiba au ni nini?

#18 Wakili wa Barazani

Mtani, chama kilitaja maadili kama sababu, tusiweke maneno mdomoni mwa watu. Swali lako lina mashiko hata hivyo. Linganisha na hili: mgombea urais akitoka upande mmoja wa Muungano, mgombea mwenza atoke upande wa pili. Hilo limo kwenye katiba, na mwaka 2021 nchi ilipofiwa na rais watu walifungua kitabu wakasoma. Desturi ya chama huwezi kuifungua ukasoma. Unaijua kwa kuona nini kinampata anayeigusa.

#19 Msimamizi

Mada ni ufalme wa kikatiba. Habari za vyama zina jukwaa lake. Endeleeni.

#20 Mwana wa Mikindani

Asanteni sana. Binti ananisomea michango yenu kwa sauti, mimi nasikiliza.

Kauliza swali lingine: mwaka 2019 Boris Johnson alimshauri Malkia alifunge Bunge wiki tano, Brexit, yaani kujitoa Umoja wa Ulaya, ikiwa imepamba moto. Malkia akakubali. Tarehe 24 Septemba majaji wote 11 waliosikiliza kesi Mahakama ya Juu wakasema ushauri ule ulikuwa kinyume cha sheria, na kufungwa kwa Bunge ni batili. Sasa Malkia alikosea? Angekataa angevunja mila. Alikubali, ikaonekana kashiriki kosa.

#21 Wakili wa Barazani

Binti yako akasome sheria. Mahakama iliugusa ushauri wa Waziri Mkuu, kumgusa Malkia haikumgusa. Hiyo ndiyo faida kubwa ya mila hizi kwa mfalme mwenyewe: lawama zote hubebwa na aliyeshauri.

Pia ajue tofauti hii. Januari 2017 mahakama ile ile iliulizwa kuhusu mila kwamba Bunge la London halitungi sheria juu ya mambo ya Scotland bila ridhaa ya Bunge la Scotland. Mila hiyo ilikuwa imeandikwa mpaka ndani ya sheria, kwa neno la "kwa kawaida". Majaji wakasema inabaki ya kisiasa, si kazi ya mahakama kuisimamia. Kanada nako mwaka 1981 majaji walisema mila ya kupata ridhaa ya kutosha ya majimbo kabla ya kubadilisha katiba ipo kweli, ila mahakama haiwezi kulazimisha ifuatwe. Pierre Trudeau akasoma hukumu hiyo akarudi mezani na mawaziri wakuu wa majimbo. Mahakama haikumlazimisha. Kitu kilimlazimisha.

#22 Korosho Daraja la Kwanza

Woga.

#23 Mwana wa Mikindani

Aibu.

#24 Mstaafu wa Chaki

Nilisema naiweka pembeni pesa, lakini kura nazo ni mtaji.

#25 Binti Newala

Wakili, nakuuliza wewe. Kama dawa ni kuandika, kwa nini Nigeria haikupona?

Mkoa wa Magharibi, mwaka 1962. Katiba iliandikwa wazi: Gavana hamwondoi Waziri Mkuu wa mkoa isipokuwa akiona hana tena wabunge wengi. Gavana alikuwa Ooni (mfalme wa jadi) wa Ife, Sir Adesoji Aderemi. Akaletewa barua yenye saini za wabunge 66 kati ya 124, akamwondoa Chifu Akintola na kumweka Adegbenro. Akintola akasema wingi unahesabiwa ndani ya ukumbi kwa kura, haupimwi kwa barua. Bungeni viti vikarushwa, hali ya hatari ikatangazwa. Mwaka 1963 Baraza la rufaa la London likasema Gavana alikuwa sahihi. Haikusaidia kitu, mkoa ulibadilisha katiba yake na kurudisha tarehe nyuma, Akintola akabaki.

Halafu Sarawak kule Malaysia, mwaka 1966: barua, Gavana, Waziri Mkuu wa jimbo Stephen Kalong Ningkan kaondolewa. Maandishi yanafanana. Mahakama ya kule ikasema hapana, wingi unapimwa kwa kura barazani. Maneno yale yale, majibu mawili. Sasa wino umesaidia nini?

#26 Wakili wa Barazani

Swali zuri, na Akintola ni jeraha la darasa letu zima la sheria. Nitajibu: wino ulisaidia kujua wanabishania nini. Kwenye mila tupu hata hilo hulijui.

Malaysia yenyewe ilijifunza. Februari 2020 Mahathir alipojiuzulu na kila upande ukadai una wabunge wengi, Mfalme aliwaita ikulu wabunge wote, Bunge zima la watu 222, akawahoji mmoja mmoja kwa siku mbili. Kisha akamteua Muhyiddin Yassin. Katiba inasema amteue ambaye kwa maoni yake ana wengi, haisemi maoni hayo ayapateje.

#27 Mndanda

Na wabunge waliosema hivi kwa Mfalme wangeweza kupiga kura vingine kesho yake. Bado hujajibu, Wakili.

#28 Mkulima wa Tandahimba

Nimesoma tangu mwanzo, leo nachangia.

Kwenye chama chetu cha msingi, kabla ya mambo ya mnada wa mtandaoni, sanduku la zabuni lilifunguliwa mbele ya wakulima. Mwongozo unasema bei zisomwe kwa sauti. Mzee aliyekuwa mwenyekiti miaka mingi alikuwa na kitu chake. Kila barua, kabla ya kuisoma, aliigeuza kwetu, akaishika juu kwa mikono miwili huku na huku, ndipo akaigeuza kwake akasoma. Nyuma kule tulikokaa huoni herufi hata moja. Wengi wetu hata kusoma kwa mbali macho hayawezi. Lakini aliigeuza.

Akaja mwenyekiti mpya. Msimu wake wa kwanza akafungua barua, akasoma bei moja kwa moja. Bei ilikuwa nzuri tu, kuliko mwaka wa nyuma. Watu wakaanza kuguna, mguno wa chini chini kama mvua ya mbali. Mama mmoja akasimama, hakusema neno, alisimama tu. Akasimama wa pili. Yule mwenyekiti akatazama katibu wake, katibu akamfanyia ishara ya mkono. Akaigeuza barua. Akarudia na ya kwanza, akaigeuza. Watu wakakaa.

Hakuna aliyemtishia, wala pesa haikupungua, na sijui kama aliona aibu. Ninachojua ni kwamba tulikuwa tunatazama. Mngekuta nusu yetu tumekwenda kuota jua nje, asingegeuza.

#29 Nahodha Shangani

Mkulima, umechelewa wapi siku zote.

#30 Mwana wa Mikindani

Nimemsomea binti hii ya Mkulima. Kanyamaza, kisha kaichukua sumni akaigeuza upande wa pili. Kumbe upande wa pili kuna simba na milima. Nilikuwa sijaitazama vizuri.

Mama Salha, nina swali. Yule mjomba, haki yake haiwezi kurudi?

#31 Mama Salha wa Mtanda

Umeuliza wakati wake. Mwezi huu mdogo wa yule binti ameposwa. Jumapili tunakaa kuamua kilemba kinakwenda kwa nani. Dada yangu hataki kusikia. Mimi nasema mzee ana miaka themanini, na minazi yenyewe ilishakatwa. Nitawajulisha.

#32 Korosho Daraja la Kwanza

Wakili, huku tunasubiri bado jibu la Sarawak.

#33 Wakili wa Barazani

Naandaa. Nipo safarini Masasi, mtandao unakatika.

#34 Mama Salha wa Mtanda

Tumekaa jana tangu laasiri. Maneno yalikuwa mengi, siyaleti hapa.

Dada yangu mwenyewe ndiye aliyekifunga, kwenye kanga ile ile. Tukamkuta mzee kibarazani. Alipoona kanga alinyanyuka akaingia ndani, tukadhani kakataa hata kutuona. Alikwenda kuvaa kanzu. Akatoka, akakaa, tukakaa mkekani. Akauliza swali moja: "Mwenyewe anataka?" Tukasema anataka.

Akapokea.

#35 Binti Newala

Mama Salha, hongereni sana. Je, na mjomba mdogo naye aliulizwa?